Daftari la Kasapa: Andika Maana, Acha Imla

Mhadhiri anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika. Mkono wa mwanafunzi huandika kama robo ya hayo. Anayetaka kunakili kila neno ameshindwa hata kabla somo halijaanza. Na kwenye kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ana mzigo wa pili: profesa anafundisha kwa Kifaransa, wakati wengi wa wasikilizaji wake nyumbani, sokoni na kwenye basi wanaongea Kiswahili. Akili inayohangaika na tahajia haipati nafasi ya kujiuliza jambo lenyewe lina maana gani.

Tangu shule ya msingi tumelelewa kwa imla. Mwalimu anasoma, darasa linaandika, daftari safi linasifiwa. Chuoni tunakutana na silabusi, kile kijitabu cha somo kinachopigwa fotokopi, na wengi hudhani kwamba ukishakuwa nacho kazi imekwisha. Silabusi inasaidia sana, sipingi. Lakini haionyeshi mahali ulipokwama wewe, wala haina mfano ambao profesa aliuchora ubaoni baada ya swali la mwenzako. Hayo mawili ndiyo ya kuandika kwanza.

Njia ninayowashauri vijana ilibuniwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950. Piga mstari wima kwenye ukurasa, ukiacha kama sentimita 6 upande wa kushoto, na mwingine wa kulala ukiacha nafasi chini. Somo likiendelea, andika kulia tu. Siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, andika kushoto maswali yanayojibiwa na maelezo ya kulia, na chini muhtasari wa sentensi mbili tatu.

Tuchukue somo la uchenjuaji wa madini, maana mji huu unaishi kwa shaba. Kulia mwanafunzi ameandika: "malachite – acide sulfurique – électrolyse". Mstari wa pili: "chalcopyrite – flottation – four". Hayo yanatosha. Jioni anaandika kushoto, kwa Kiswahili: "Kwa nini malakiti inayeyuka upesi kwenye asidi na kalkopiriti inakataa?" Kisha anajieleza: malakiti ni kabonati, asidi inaivunja, gesi inatoka na shaba inabaki kwenye mchanganyiko, tayari kuvutwa kwa umeme. Kwenye kalkopiriti shaba imeshikamana na chuma na salfa. Ndiyo maana mawe yake husagwa, madini yakaelea kwenye povu, halafu yakaenda tanuruni.

Istilahi zimebaki kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kifaransa. Sababu zimeandikwa kwa Kiswahili. Hakuna aibu hapo. Jambo usiloweza kulieleza kwa lugha unayoongea na mama yako hujalielewa, umelikariri tu. Ukishalielewa, lirudie kwa sauti kwa Kifaransa, ili siku ya mtihani ulimi usikwame.

Yale maswali ya kushoto ndiyo moyo wa njia hii. Funika upande wa kulia kwa karatasi, jibu, kisha hakiki. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi matini fupi. Baadhi waliisoma tena, wengine waliifunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, kwa mbali. Usiku wa kuamkia mtihani, kusoma silabusi mara ya nne kunampa mtu imani ambayo kesho yake haimsaidii.

Vipi kompyuta na simu? Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 uliwapa ushindi walioandika kwa mkono, lakini majaribio yaliyofuata hayakuona tofauti iliyo wazi namna hiyo. Mimi naamini kosa liko katika kunakili neno kwa neno, kwa chombo chochote. Picha ya ubao ni nzuri kwa mchoro mgumu, mradi uuchore upya kwa mkono wako siku hiyohiyo. Na umeme wetu ukikatika, daftari halizimiki.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1987 lilionyesha kwamba mhadhiri akinyamaza dakika 2, mara tatu katika somo moja, wanafunzi wakalinganisha maandishi yao wawili wawili, wanakumbuka zaidi. Ni dakika 6 kwa jumla, hata ukumbi ukiwa umejaa mpaka milangoni. Tafadhali, wapeni.