Utelezi Unaolisha Samaki

Tangi jipya la samaki likishajazwa maji na kupangwa mawe, haupiti muda kioo kinaanza kuteleza na vipande vya mti vinavaa utando mweupe wenye ute. Wengi huogopa wakidhani maji yameoza. Humwaga yote, wakasugua mawe kwa sabuni, na samaki wanakufa baadaye pasipo sababu inayoonekana.

Zama kidogo kwenye mawe ya Katonga, katika Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma, ushike jiwe lolote: linateleza vilevile. Bakteria hujishikiza juu ya jiwe kwa ute wanaoutoa wenyewe, kisha huja daiatomu, vimea vya kahawia visivyoonekana kwa macho, na nyuzi za mwani. Utando huo ndio malisho ya ufukwe mzima wa mawe. Samaki waitwao Tropheus wana meno ya ncha mbili na hunyofoa nyuzi za mwani. Samaki wengine, Petrochromis, wenye meno ya ncha tatu, huchana nyuzi hizohizo na kuokota daiatomu zilizonasa humo, nyuzi wakaziacha palepale. Jiwe moja, walaji wawili, na kila mmoja anashiba. Inasikitisha kwamba udongo unaoporomoka kutoka vilima vilivyofyekwa miti hufunika malisho haya.

Tangini, utando huo una kazi nyingine. Humo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya vinyesi vya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Mfugaji wa samaki wa Tanganyika ana sababu zaidi ya kuwasubiri: maji ya ziwa hili yana pH karibu 9. Kwenye nyuzi 25 za joto, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi.

Kwa hiyo sabuni ikae mbali. Sponji la chujio lisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya bomba huua bakteria. Ute mweupe wa mtini hupungua wenyewe sukari ya mti ikiisha. Kabla ya samaki, tia chembe za chakula zioze, upime maji. Amonia na nitriti zikishuka hadi sifuri, na nitrati imepanda, ingiza samaki wachache kwanza.