Fedha za Maskati: riali haiyumbi, kinachoyumba ni kibali

Kila mwaka, siku za kuelekea Ramadhani na Idi, wenye maduka ya Darajani na Mkunazini huupima msimu kwa jambo moja: fedha za nje zimeingia au bado. Mteja anayesubiri fedha za ndugu yake aliyeko Maskati huchukua vitambaa, viatu vya watoto na mapazia kwa ahadi. Muuza saruji na mabati wa Ng'ambo naye anamjua fulani ambaye msingi wa nyumba yake hupanda kozi mbili kila mwisho wa mwezi, kisha husimama miezi sita bila maelezo.

Wafanyabiashara wengi, wakisikia fedha za nje, hukimbilia kuuliza bei kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Kwa riali ya Oman swali hilo halina uzito kama linavyodhaniwa. Tangu mwaka 1986 riali imefungwa kwenye dola ya Marekani, riali moja kwa takriban dola 2.60, na haijasogezwa tangu hapo. Inayopanda na kushuka ni shilingi. Kinachoweza kuzikata fedha hizo ghafla ni karatasi: kibali cha kazi cha yule anayezituma. Mwenye kuuza kwa mkopo, au mwenye kuweka akiba yake kwenye mradi unaotegemea ndugu walioko nje, ana sababu ya kuzifahamu sheria za uhamiaji kama anavyozifahamu bei za sukari na mchele.

Njia ilivyofunguka

Safari za Maskati ni za tangu enzi za majahazi, lakini soko la wataalamu lina historia fupi zaidi. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya maelfu ya watu wa Unguja na Pemba: wengine Mombasa na Dar es Salaam, wengine Uingereza na nchi za Ghuba. Oman yenyewe wakati huo ilikuwa maskini. Mafuta yalianza kusafirishwa mwaka 1967 tu. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa. Akawaita Waomani walioko nje warejee. Walioitika kutoka pwani ya Afrika Mashariki walikwenda na kile hasa kilichokosekana: elimu ya shule za Unguja, Kiingereza, ukarani, ualimu, uuguzi na ufundi. Waliingia kampuni ya mafuta, wizara, hospitali na jeshi. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kumaliza shughuli zake nyingi Maskati kwa Kiswahili.

Kwa Unguja hiyo ilikuwa hasara iliyolipwa polepole. Enzi hizo kutoka kisiwani kulihitaji ruhusa, na waliokosa ruhusa walivuka usiku kwa vyombo vidogo. Faida ilianza kuonekana miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoanguka na serikali ikalegeza kamba za biashara. Kuanzia mwaka 1984 mwenye fedha zake nje aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Aliyekuwa na kaka Maskati au shangazi Dubai akawa, kwa siku moja, mtu mwenye mtaji. Yaliporuhusiwa maduka binafsi ya kubadilishia fedha, chini ya sheria ya mwaka 1992, biashara hiyo ikapata na mahali pa kupitia mchana kweupe.

Hapa ipo tofauti ambayo mkopeshaji asiipite haraka. Wengi wa waliotangulia walipata uraia wa Oman kwa nasaba ya baba zao. Mapato yao hayana tarehe ya kumalizika, na watoto wao wamezaliwa huko. Anayekwenda leo na pasipoti ya Tanzania ni mfanyakazi wa mkataba. Huyu ana tarehe, nayo imeandikwa kwenye kadi yake ya ukaazi. Ndugu wawili wa nyumba moja ya Malindi wanaweza kuwa Maskati, mmoja wa kundi la kwanza na mwingine wa kundi la pili, na dhamana zao sokoni zisifanane hata kidogo.

Kafili na tarehe ya kadi

Mfanyakazi wa kigeni huingia Oman kwa jina la mwajiri, ambaye watu wamezoea kumwita kafili. Hadi mwisho wa mwaka 2020, aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya kafili wa kwanza kwamba hana pingamizi. Bila barua hiyo alirudi kwao na kukaa nje ya Oman miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurejea kwa mwajiri mpya. Tangu Januari 2021 barua hiyo haihitajiki tena kwa aliyemaliza mkataba wake. Habari kama hii huonekana ndogo, lakini kwa mwenye duka ni kubwa: zamani mkataba ukiisha vibaya fedha zilikatika miaka miwili, sasa fundi mwenye soko anaweza kuhama kampuni na fedha zikaendelea kuja.

Upande wa pili wa mizani, Oman inawatafutia kazi vijana wake. Januari 2018 ilisimamisha visa mpya kwa kazi 87 za sekta binafsi, zikiwamo za uhasibu, masoko, kompyuta na uhandisi. Zuio lilitangazwa kuwa la miezi sita, kisha likarefushwa. Aliyekuwa tayari kazini hakuguswa siku ile. Aliyekuwa Unguja akisubiri visa baada ya kuuza kiwanja cha mama yake ndiye aliyepata hasara. Fedha za safari ni mtaji kama mtaji mwingine, na hatari yake kubwa iko kabla ya ndege kuruka.

Wataalamu wa afya wana ngazi zaidi za kupanda. Muuguzi au mfamasia anayetaka kazi Oman huhakikiwa vyeti vyake hadi chuo alikosoma na hukaa mtihani wa kitaaluma. Vyeti navyo hugongwa mihuri Wizara ya Mambo ya Nje na kwenye ofisi za kibalozi za nchi anayokwenda. Kila hatua ina ada yake na muda wake. Anayemkopesha muuguzi fedha za hatua hizi asihesabu marejesho kuanzia siku ya kutoa mkopo.

Ifanyike hesabu ya kawaida. Anayetuma riali 100 kwa mwezi anatuma dola 260. Kwa mkataba wa miaka miwili ni dola 6,240. Ikiwa ndugu wamekopa dola 2,000 za safari na maandalizi, zaidi ya miezi saba ya kwanza inakwenda kwenye deni, na matofali hayajanunuliwa. Mkataba ukivunjika mwezi wa tano, deni linabaki Unguja kwa waliobaki Unguja.

Kazi za nyumbani ni habari nyingine, na hatari yake ni kubwa zaidi. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023, kama ile iliyotangulia, imewaacha nje watumishi wa nyumbani. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizoshikiliwa na mishahara isiyolipwa. Ni vibaya kuuza kwa mkopo juu ya mshahara ambao mwenyewe hana hakika ya kuupata, na ni vibaya zaidi kumsukuma binti wa watu akubali safari ili deni la duka lilipwe.

Uingereza: mlango uliofunguka na kufungwa

Februari 2022 Uingereza iliruhusu walezi wa wazee na wagonjwa kuingia kwa visa ya kazi za afya. Machi 2024 ikawakataza wapya kwenda na wenzi na watoto wao. Julai 2025 ikafunga kabisa kuajiri walezi kutoka nje. Kwa wataalamu wa fani nyingine, kima cha chini cha kawaida cha mshahara wa visa kilipandishwa hadi pauni 38,700 kwa mwaka Aprili 2024, na pauni 41,700 Julai 2025. Mpango wa familia uliokuwa sahihi mwaka 2023 ulikuwa umekufa kabla kijana hajamaliza kozi ya Kiingereza.

Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kuomba. Lakini Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza mwajiri wa huko hatakiwi kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi ajiombee mwenyewe moja kwa moja. Basi wakala anayezunguka Mnazi Mmoja akisema ametumwa kukusanya wauguzi wa hospitali za Uingereza, na huku anadai malipo ya awali, ameshajieleza.

Nyumba ni ya nani?

Linaloleta kesi nyingi katika nyumba za watu ni ardhi. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Oman nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili ila kwa ruhusa maalumu. Maana yake, daktari aliyezaliwa Kikwajuni na kupata pasipoti ya Oman au ya Uingereza anaporudi likizo huingia kama mgeni, anapigiwa muhuri kama mtalii aliyesimama mbele yake kwenye foleni.

Mgeni hapewi haki ya ardhi Unguja kama Mzanzibari. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inamtaka asiye raia apitie mlango wa ukodishaji wa kitega uchumi. Kwa hiyo wengi hujenga kwa jina la kaka, dada au mjomba. Fedha ni za mmoja, hati ni ya mwingine. Mwenye hati akifariki, warithi wake hugawana nyumba kwa mujibu wa sheria, na aliyeijenga anabaki na risiti za hawala. Mwekezaji mdogo anayenunua nyumba au kiwanja cha namna hiyo anaweza kuuziwa na mwenye jina, kisha akadaiwa na mwenye fedha. Kabla ya kulipa arubuni, aulize aliyejenga yuko wapi na atie saini naye.

Serikali ya Muungano imejaribu kuupunguza mgogoro huu kwa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Muswada wake ulifikishwa Bungeni mwaka 2024, ukigusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Wengi Unguja walifurahi mapema. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi iliyoguswa ni ya Tanzania Bara. Kadi ya hadhi maalumu haiwi hati ya kiwanja Fuoni.

Njia iliyo wazi zaidi kwa mwenye pasipoti ya nje ni fleti. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya pamoja inamruhusu asiye raia kumiliki sehemu yake ndani ya jengo. Ndiyo sababu mojawapo ya miradi kama ya Fumba kuwavuta watu wa Maskati na London ambao wamechoka kujenga kwa majina ya wajomba. Bei yake si ya muuguzi wa mwaka wa kwanza.

Nafasi zinazoachwa

Wakati mafundi wanatoka, hoteli zinaongezeka. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000. Wapishi wakuu, wahasibu na mameneja wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hutoka Bara, Kenya na mbali zaidi. Mtu wa Bara hadi miaka ya 1990 alitakiwa kuonyesha pasipoti bandarini Malindi. Leo ni raia anayeingia nchini mwake. Mkenya yuko chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, lakini itifaki hiyo haikufuta vibali. Kila nchi iliorodhesha taaluma ilizozifungulia mlango, na orodha ya Tanzania ilikuwa ya tahadhari.

Mwenye hoteli Unguja ana madirisha mawili ya kupita. Kibali cha ukaazi, daraja B kwa mwajiriwa, hutolewa na Idara ya Uhamiaji, ambayo ni ya Muungano. Kibali cha kazi hutolewa na Kamisheni ya Kazi ya Serikali ya Mapinduzi, kwa kuwa ajira si jambo la Muungano. Kimoja kikipatikana na cha pili kikachelewa, mtaalamu hawezi kuanza kazi.

Hili humfikia hata mvuvi wa Mkokotoni na mkulima wa mboga wa Bumbwini. Wanaoziuzia hoteli kwa malipo ya mwisho wa mwezi hupatana na mpishi mkuu, na huyo ndiye mara nyingi mgeni mwenye kibali. Akiondoka kwa sababu hakikuhuishwa, anayekuja ana watu wake wa kumuuzia. Aliyekwisha kuandikiana mkataba na hoteli yenyewe bado ana mteja. Aliyekuwa na namba ya simu ya mpishi tu huanza upya, na stakabadhi za mwezi uliopita mkononi.