Piriton Haisogezi Saa ya Mwili

Kila wamisionari wanapojiandaa kuondoka, swali ni lile lile: "Daktari, nikifika Manila nimeze Piriton ngapi usiku ili mwili uzoee haraka?" Anauliza padre, anauliza sista, anauliza mchungaji anayehamia Minnesota na mkewe kwa miaka miwili. Jibu ni hili: usimeze hata kimoja.

Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi inaouleta ni athari ya pembeni tu: inaingia kwenye ubongo na kuzuia histamini, kemikali mojawapo inayotuweka macho. Saa ya mwili, kile kifundo kidogo cha seli kilichoko juu ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, haisogei hata dakika moja. Ukimziba jogoo mdomo, kutapambazuka vilevile. Utalala, sikatai. Lakini saa tisa usiku ya Manila, joto la mwili wako, homoni zako na tumbo lako vyote vinasoma saa nne usiku ya Nairobi.

Kisha kunakucha. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa hii huwa ingali mwilini takriban saa 20 baada ya kumezwa. Mgeni anakaa kwenye kikao cha kukaribishwa, mdomo mkavu, kope nzito, majina ya wenyeji yanampita. Anadhani bado ni safari, usiku anameza viwili. Baada ya siku chache mwili umeizoea dawa na hata ule usingizi hauji. Padre wa miaka 65 mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuzibwa mkojo kabisa, au akaamka usiku amechanganyikiwa, hajui yuko wapi. Wapo pia wanaoimeza ndani ya ndege, wakalala saa nyingi magoti yamekunjwa bila kujinyoosha. Hivyo ndivyo damu inavyoganda miguuni.

Naambiwa, "Lakini mwenzangu alimeza na akazoea." Alizoea kwa sababu siku zilipita. Saa ya mwili hujirekebisha kwa karibu saa moja kila siku, na Manila iko saa tano mbele yetu. Siku tano au sita zilitosha, na Piriton ikashukuriwa kwa kazi iliyofanywa na jua. Linaniudhi hili, maana wiki hiyo ya kwanza ndiyo wenyeji wanapokutazama usoni kwa mara ya kwanza, nawe umejilevya.

Kinachoisogeza saa hiyo ni mwanga, na mwanga una wakati wake. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi nyumbani, joto la mwili wake hushuka chini kabisa karibu saa kumi alfajiri. Saa kumi hiyo, Manila ni saa tatu asubuhi. Mwanga unaokupata baada ya hapo huivuta saa ya mwili mbele, unakotaka iende. Unaokupata kabla ya hapo huirudisha nyuma. Kwa hiyo yule anayejihimiza kutoka na jua la kwanza, akasali rozari akitembea bustanini, anajichelewesha kwa bidii yake mwenyewe. Siku ya kwanza salia ndani, pazia limefungwa, hadi saa tatu ipite. Kuanzia saa nne hadi saa nane kaa nje. Kila siku inayofuata, tangulia kutoka kwa saa moja.

Waendao Roma au Ujerumani, tofauti ni saa moja au mbili. Huo ni uchovu wa safari. Lala, utaamka mzima.

Minnesota wakati wa kiangazi iko saa nane nyuma, kwa hiyo tafuta mwanga wa alasiri hadi saa moja jioni na usilale mapema. Utashtuka usiku wa manane, na wengi huona wameamshwa waombe. Omba, lakini gizani, bila taa wala simu. Kula kwa saa za huko. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uishe kabla ya saa tisa. Melatonini, miligramu 0.5 hadi 3 unapoingia kitandani, husaidia hasa waendao mashariki. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Usiendeshe gari siku za mwanzo, hasa nchi wanakopita kulia. Mwombe mwenyeji asikupangie mahubiri wiki hiyo. Ukitaka kurudi nyumbani usiku wa tatu, usiamue lolote hadi ulale vizuri. Dawa za presha na ARV usizikatishe. Anayetumia insulini aje na tiketi kabla ya kusafiri tupange dozi pamoja, kwa sababu ukienda mashariki siku hufupika, na dozi uliyoizoea inaweza kukushushia sukari ukiwa angani.