Mkoba wa Barakoa ya Gesi: Waliokuwa Nao na Wasiokuwa Nao

Kwenye maduka ya mitumba ya Stockholm hukosi kuona mkoba wa turubai wa rangi ya majani makavu, wenye mfuniko na mkanda mrefu. Waswidi huuita gasmaskväska, yaani mkoba wa barakoa ya gesi. Wanafunzi wa miaka ya 1960 na 1970 waliubebea vitabu. Kwa sisi wa Spånga una ujirani wa pekee: Tensta na Rinkeby zilijengwa juu ya Järvafältet, uwanda ambao tangu mwaka 1905 ulikuwa wa mazoezi ya jeshi.

Asili ya mkoba huu ni Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji. Kinga za mwanzo zilikuwa vitambaa vilivyolowekwa dawa, kisha vifuniko vya kuvaa kichwani, vilivyokunjwa na kutiwa katika kijifuko. Mwaka 1916 Waingereza walileta barakoa yenye kopo la chujio. Kopo hilo lilikuwa zito mno kuning'inia usoni, hivyo likabaki mkobani, likiunganishwa na barakoa kwa bomba la mpira. Tangu hapo mkoba ukawa sehemu ya barakoa yenyewe. Askari akikaribia mstari wa mbele alifupisha mkanda, mkoba ukapanda kifuani, kisha akaukaza kwa kamba usichezecheze. Gesi haimngojei mtu apekue mfukoni.

Wajerumani walichagua kopo la bati, lililozuia barakoa isibonyee. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliendelea na mkoba wa kifuani, wenye vyumba viwili: kimoja cha kopo, kingine cha barakoa. Lakini jaribu kutambaa kwa tumbo na mzigo kama huo! Mwaka 1943 ikatoka barakoa nyepesi: chujio likafungwa kwenye barakoa yenyewe, bomba likaondolewa, mkoba ukawa mdogo na kushuka ubavuni. Wamarekani walioteremka Normandy Juni 1944 walikuwa na mkoba wa mpira usiopitisha maji.

Hata hivyo, katika medani za Ulaya za vita hivyo majeshi hayakurushiana gesi. Askari wengi walitoa barakoa wakatia chakula na sigara. Vita vilipokwisha, mikoba ikabaki kwa wingi, mizima na rahisi kwa bei.

Afrika Mashariki mambo yalikuwa mengine. Kuanzia Desemba 1935, ndege za Italia ziliwamwagia Waethiopia gesi ya haradali, ingawa Italia ilikuwa imetia saini Itifaki ya Geneva ya 1925. Gesi hiyo huunguza ngozi, na askari wengi wa Ethiopia walikuwa peku, bila barakoa wala mkoba. Hata wangekuwa nayo, barakoa hukinga uso na mapafu tu. Miguu ingeendelea kuungua.

Wasweden walikuwepo. Tarehe 30 Desemba 1935 kituo cha matibabu cha Msalaba Mwekundu wa Sweden, kilichoongozwa na daktari Fride Hylander, kilipigwa mabomu huko Melka Dida, kusini mwa Ethiopia. Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa kushtaki matumizi ya gesi. Wizara ya Ulinzi ya Italia ilikiri rasmi mwaka 1996 tu, miaka 60 baadaye.

Kwa hiyo ufundi wote huu wa mikanda, vyumba na mabomba ulifanywa kwa ajili ya askari ambao, katika vita vya pili, hawakuihitaji. Wengi wa waliomwagiwa gesi hawakugawiwa kitu. Tensta leo ina majirani wengi kutoka Ethiopia na Eritrea. Ndugu mwanachama, ukimkuta mzee wa huko, msalimie kwa heshima, kisha umuulize wazee wake walisimulia nini kuhusu mvua ile iliyounguza.