Je, Wajua? Nguzo ya Sita ya Imani

Je, wajua kwamba nguzo sita za imani anazokariri mtoto wa madrasa hazikutajwa zote pamoja katika aya moja ya Qur'ani? Al-Baqara, aya ya 177, na An-Nisaa, aya ya 136, zinataja tano: Mwenyezi Mungu, malaika, vitabu, mitume na Siku ya Mwisho. Ya sita, kuamini kadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu, inaungana nazo katika Hadithi ya Jibril, ambamo malaika huyo anamuuliza Mtume kuhusu imani, na ambayo Imam Muslim aliiweka mwanzoni mwa Kitabu cha Imani. Abdullah bin Umar aliisimulia baada ya kuletewa habari kuwa huko Basra wamezuka watu wanaokana kadari.

Wapo wanazuoni, Waibadhi miongoni mwao, walioshikilia kuwa hadithi iliyopokewa kwa njia chache haizai yakini, na itikadi haisimami bila yakini. Mwanazuoni Ibn Hazm aliwapinga. Hoja yao ni nzito, lakini hapa haibomoi kitu, kwa kuwa kadari yenyewe imo ndani ya Qur'ani. Mtu atasema kwamba Al-Qamar, aya ya 49, yazungumzia kipimo cha maumbile tu. Sawa, na asome basi Al-Hadid, aya ya 22, inayoeleza kuwa msiba huandikwa kabla haujatokea. Kwa hiyo naona hadithi hiyo haikuzua imani mpya. Iliikusanya iliyokuwa imetawanyika.