Zamu Ndefu na Sufuria ya Nyumbani

(Muziki wa kuanzia, kisha unashuka taratibu.)

Wewe unayetusoma kwenye karatasi, ukimaliza, msomee na jirani.

Leo nazungumza na muuguzi, na mkunga, na mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Nazungumza na kila anayehudumia wagonjwa siku nzima, na ambaye moyo wake unapenda kupika. Utafanyaje ili kazi isikunyang'anye jiko lako, na jiko lisilete ugonjwa nyumbani?

Nianze na kwetu. Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema sisi wa Kivu, ni muuguzi msaidizi. Tangu tukiwa Fizi, majirani walimjua kwa sombe yake. Siku moja hapa kambini alipika maharage saa 6 mchana, akayaacha pembeni ya mafiga, akakimbilia zamu. Watoto waliyala saa 2 usiku, yamepoa. Usiku huohuo wawili walitapika na kuharisha. Tuliwanywesha ORS, wakapona. Lakini yaya aliumia kuliko wao. Aliniambia, "Mdogo wangu, kila siku nafundisha akina mama habari ya chakula salama, halafu wangu wanaugua kwa chakula changu."

Akaacha kupika. Nikaona anarudi kazini, anakaa kimya mlangoni, anaingia kulala. Zamani alikuwa akishika mwiko anaanza kutuchekesha. Nikaelewa kwamba kupika ndiko kulikokuwa kunamtoa zamuni. Bila jiko, wagonjwa walikuwa wanarudi naye nyumbani kila siku.

Sasa tueleze kilichotokea, maana kinaweza kutokea kwako. Moto unaua vijidudu vingi, lakini vingine hubaki vimejificha kama mbegu. Chakula kikipoa na kuwa vuguvugu, vinaamka na kuzaana. Vingine huacha sumu ambayo hata ukipasha moto tena haitoki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 bila kuwekwa penye baridi au kuachwa kikiwa cha moto sana, zaidi ya nyuzi 60. Sisi wengi hatuna friji. Basi imetubaki njia moja: kupika kiasi kinacholiwa, na kukila kikiwa cha moto.

Lakini mwenye zamu ataupata wapi muda huo? Jibu ni kuigawa kazi. Maharage yanachukua muda mrefu, lakini hayakuhitaji usimame karibu nayo muda wote.

Kwanza, yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, yaoshe, weka maji mapya. Yaliyolowekwa yanaiva upesi, na kuni zinapungua.

Pili, yachemshe kwa moto mkali dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa. Hapa usifanye haraka. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na moto wa polepole peke yake hauimalizi. Lazima yatokote kwelikweli, si chini ya dakika 10.

Tatu, tumia kapu la kutunza joto. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze nyasi kavu au nguo kuukuu, acha shimo la kuenea sufuria. Toa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, futa makaa yaliyoshika chini yake, itumbukize upesi na mfuniko wake. Juu funika kwa blanketi lililokunjwa. Liweke kapu mbali na moto. Joto likikosa pa kutokea, linaendelea kupika lenyewe. Sufuria iwe imejaa vya kutosha, kwa sababu chakula kidogo kinapoa upesi. Na usifungue fungue kuchungulia.

Wewe wa zamu ya usiku, kapu hili ni rafiki yako. Unarudi saa 2 asubuhi, unachemsha, unafunika, unalala. Saa 6 mchana unaamka, maharage yamelainika. Yarudishe motoni yatokote tena, tia chumvi na kitunguu, mle. Ukifungua ukakuta yamekuwa vuguvugu tu, usijaribu bahati yako. Na usiyaache kapuni kutwa nzima. Kapu linapunguza kasi ya kupoa, halizuii.

Sombe haifai kuanzia kapuni. Majani ya muhogo yana sumu. Kuyatwanga kunaifungua sumu hiyo, na kuyachemsha muda mrefu bila mfuniko kunaitoa pamoja na mvuke. Kwa hiyo sombe ni ya siku ya mapumziko. Siku za zamu pika cha kapuni, na kile unachokipenda kitunzie siku yako, ukipike bila kuangalia saa.

Kuna jambo jingine. Ukitoka wodini, usiende moja kwa moja jikoni. Vua nguo za kazi, nawa mikono kwa sabuni, ndipo ushike kisu. Na ukiwa unaharisha, mwachie mwingine mwiko.

Na nyie mnaobaki nyumbani, baba na vijana wa kiume mkiwemo: kuloweka maharage hakuhitaji cheti cha uuguzi. Kutwanga sombe pia. Kwetu sasa mimi ndiye ninayetwanga. Mwanzoni marafiki zangu walinicheka. Siku hizi wanakuja na sahani.

Yaya hakurudi jikoni kwa siku moja. Kwanza alinielekeza tu, amekaa kwenye kigoda, mimi nikitengeneza kapu. Wiki iliyofuata akachukua mwiko, akasema nachoma vitunguu. Jumapili iliyopita alipika sombe na mawese, akapakua ikiwa inafuka moshi, akasimama pale mpaka watoto wakamaliza. Hakikubaki kitu sufuriani, na ndivyo alivyotaka.

Msikilizaji, wewe mwenye zamu unapikaje? Andika, utume karatasi yako kwa kiongozi wa kikundi chako cha usikilizaji, tutaisoma kipindi kijacho. Na kabla hujalala leo, loweka maharage.

Mimi mtangazaji wenu naishia hapa. Usiku mwema.

(Muziki unapanda, kisha mwisho.)