Wamekuja kutoka pande zote: nani anawaweka pamoja?

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, mabasi huteremsha vijana hapa Dodoma na magodoro yao yamekunjwa na kufungwa kamba. Sisi wa Chang'ombe tunawatambua kwa lafudhi tu. Yupo wa Bukoba, yupo wa Pemba, yupo wa Tandahimba. Wengi hupata bweni. Wasiopata, na ambao mfuko hauruhusu kupanga karibu na chuo, huja mpaka huku kwetu, maana kodi ni nafuu hata kama watapanda daladala mbili.

Vyuo tulikuwa navyo tangu zamani, lakini vyuo vikuu viwili vikubwa vya mji huu vimeanza mwaka 2007: Chuo Kikuu cha Dodoma upande wa Chimwaga, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana, palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Mama anayemsindikiza binti yake kituoni huwaza ada na mkopo. Mara chache hujiuliza: huyu mtoto aliyekulia kijiji cha watu wa kabila moja na dini moja, nani atamsaidia kuishi na wengine?

Watu wa kazi hiyo wapo. Kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kuna walezi wa mabweni, kuna dawati la jinsia, kuna waratibu wanaoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Serikali ya wanafunzi nayo ina viongozi wake. Tusisahau vikundi vya dini: TAFES, CASFETA, USCF, vijana Wakatoliki wa TMCS, na jumuiya za ndugu zetu Waislamu. Wengi wao hawaonekani mpaka jambo liharibike.

Kazi yenyewe ni ya mambo madogo madogo. Mtihani ukipangwa Jumamosi, mwanafunzi Msabato afanyeje? Kipindi kikigonga saa ya sala ya Ijumaa je? Mwezi wa Ramadhani, mwenye mgahawa atapika saa ngapi? Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama tangu siku ya kwanza ya masomo. Akiletewa katikati ya muhula, nusu ya somo imekwisha kumpita. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu au ya sauti. Mwenye ualbino anahitaji kiti cha mbele na maandishi makubwa. Hapo mratibu hubisha hodi mlango hadi mlango, kwa mpanga ratiba, kwa mhadhiri, kwa mwenye funguo za bweni la chini.

Yapo mafunzo ya zamani kuhusu jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Kwa kulitazama, lilikuwa sharti moja kwa wote. Lakini msichana akishaanza kazi, huku nyuma posa zinaingia, watoto wanafuata. Idadi ya wasichana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikashuka, na baada ya miaka michache serikali ikawaondolea sharti hilo. Mzigo ulikuwa mmoja, mabega hayakuwa sawa.

Halafu kuna utani. Mchaga na Mpare wakitaniana, watu hucheka na wao wenyewe hucheka. Lakini mwanafunzi Mgogo akiitwa ombaomba mbele ya darasa zima, tena hapa hapa kwenye ardhi ya babu zake, huo si utani. Wapo watoto wetu walioacha kusema Kigogo kwenye simu ili wenzao wasijue walikotoka. Sisi tunaona hili ndilo gumu kuliko ratiba, kwa kuwa ratiba hubadilishwa kwa kalamu.

Tusiwanyoshee vidole wa chuoni peke yao. Mwaka mmoja, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimekaa uani kwa mmoja wetu baada ya ibada. Akaja binti wa mwaka wa kwanza, anatembea kwa magongo, anatafuta chumba. Chumba kilikuwepo. Tukatazamana. Kizingiti kirefu, choo cha shimo, na mvua zikianza ule uwanja ni utelezi mtupu. Tukamwambia kimeshachukuliwa. Hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe kama angeweza. Baadaye tukasikia kwa vijana wa ushirika kuwa alikaa wiki kadhaa akilala kitanda kimoja na mwenzake, akichelewa vipindi. Hakujua kwamba angeweza kwenda kwa mshauri wa wanafunzi kuomba nafasi katika bweni la chini, na sisi hatukujua tumwambie. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Sisi tuliufanya tukiwa tumeshika vitabu vya nyimbo.

Wiki ile ile, zamu ya neno ilikuwa Matendo sura ya 6. Msomaji mpendwa, kisome tena ukiwa na shida hii moyoni. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa chakula kinapogawiwa kila siku. Mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo. Walitaka wachaguliwe watu saba, wenye kazi inayojulikana. Na tazama majina yao, tangu Stefano hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kiyunani. Yaonekana kazi ya kugawa walipewa watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Tulipofika hapo, msomaji wetu alinyamaza kidogo, na hakuna aliyesema kitu.

Tangu hapo tumefanya machache. Tumeandika kwenye kijidaftari namba za ofisi za washauri wa wanafunzi, na mpangaji mpya hupewa siku ya kwanza pamoja na ufunguo. Mwezi wa mfungo, mwenye nyumba huacha jiko uani kwa wanaokula daku. Kizingiti cha kile chumba kimepunguzwa na fundi amejenga mteremko wa saruji. Choo bado. Fundi ametaja bei, na tunachanga kila Jumapili.